AC haipoozi? Isome kwa mashine kabla hujajaza gesi

Mama mmoja alituletea Toyota Noah iliyokuwa imejazwa gesi mara 3 ndani ya miezi 5. Kila ikijazwa, ubaridi unarudi siku mbili tatu, kisha unakata. Akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Fundi, hii gesi inakwenda wapi?"

Gesi haikuwa imekwenda popote. Nilichomeka mashine ya kusoma kompyuta za gari, nikaingia kwenye kompyuta ya AC, nikatazama joto la nje kama gari linavyolisoma: −23.3 °C. Tuko Dar es Salaam, saa 7 mchana, mwezi wa Februari, jasho linatutiririka, na gari linaamini liko kwenye barafu. Kompyuta inayoamini hivyo haiwezi kuwasha kompresa, ile pampu inayosukuma gesi. Nikapitisha mkono nyuma ya grili, nikaushika waya wa sensa ya joto la nje kwa vidole viwili na kuuvuta taratibu. Namba ikaruka hadi 33. Nikauachia, ikarudi −23.3. Bampa la mbele liliwahi kugongwa, waya ukakatika ndani kwa ndani huku ngozi yake ikiwa nzima, na kila aliyeinama pale mbele kujaza gesi aliutikisa, ukagusana kwa siku chache.

Dawa ilikuwa kipande cha waya na risasi ya kuchomea. Kazi kubwa ikawa kutoa gesi iliyozidi, na kuitoa kwa mashine ya kunyonya, si kuiachia hewani. R134a, gesi ya AC ninayoizungumzia hapa, hupasha joto dunia zaidi ya mara 1,400 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule, ndiyo maana makubaliano ya Kigali ya mwaka 2016 yaliiweka kwenye orodha ya gesi za kupunguzwa.

Nalisimulia hili kwa sababu limenifundisha namna ya kuanza kazi. Gesi ya AC hailiwi kama petroli. Inazunguka humohumo kwenye mabomba. Ikipungua, ama imevuja mahali, ama imepenya kidogo kidogo kwenye sili na mipira kwa miaka mingi. Kwa hiyo swali la kwanza si "gesi ipo?" bali ni "kompyuta inataka kupooza, au imekataa? Na kama inataka, nani hajamtii?" Mashine haikuambii ukanunue kifaa gani. Inakuonyesha mazungumzo yamekatikia wapi. Ukishapajua hapo, spea unayonunua ndiyo spea yenyewe.

Mifano yangu mingi ni ya Toyota zilizotoka Japani, zenye AC ya kujiendesha yenyewe, kwa kuwa ndizo zinazojaa gereji zetu. Njia ya kufikiri ni ileile kwa magari mengine.

Mashine gani inafaa

Kiadapta kidogo cha Bluetooth cha ELM327, kile cha kuunganisha na simu, kwa kawaida kinasoma kompyuta ya injini tu, tena kwa lugha ya jumla iliyolazimishwa Marekani kuanzia magari ya 1996. Kitakupa joto la maji ya injini, mzunguko wa injini, volti na kodi (namba za makosa ambazo kompyuta huzihifadhi) zinazoanza na P. Kwa tatizo la hita hicho kinatosha kabisa kuanzia. Kwa AC hakitoshi, maana kodi nyingi za AC zinaanza na B na zinakaa kwenye kompyuta nyingine ambayo adapta hiyo haiongei nayo.

Tena usishtuke adapta ikigoma kabisa kuunganika na gari la Japani la miaka ya mwanzo ya 2000. Tundu ni lilelile la pini 16, lakini magari mengi ya soko la ndani la Japani yaliongea lugha yao. Gari halina kosa, na wewe huna kosa.

Unachohitaji ni mashine inayoingia kwenye mifumo yote: za Launch na Autel ni za kawaida mjini, au Techstream ya Toyota kwenye kompyuta mpakato. Kabla hujanunua, omba muuzaji akuonyeshe mambo matatu kwenye gari halisi: inafungua menyu ya AC, inaonyesha namba zikibadilika papo hapo, na inaweza kuamrisha kifaa kifanye kazi. Mashine inayosoma kodi na kufuta tu itakuacha njiani kwenye nusu ya kazi.

Pamoja nayo uwe na multimita, geji za AC, na kipimajoto chembamba cha kuchomeka kwenye tundu la hewa la dashibodi.

Macho kwanza

Dakika kumi hizi usiziruke. Pima betri: injini ikiwa imezimwa iwe karibu volti 12.6, ikiunguruma 13.8 hadi 14.4. Betri ikiwa dhaifu kompyuta zinatupa kodi za uongo kila kona. Tazama mkanda wa kompresa. Angalia kama feni zote mbele zinazunguka AC ikiwashwa. Piga tochi katikati ya kondensa (inayopoza gesi) na rejeta (inayopoza maji ya injini), pale manyoya, vumbi na mifuko ya plastiki hujificha. Paka kidole kwenye maungio ya mabomba: penye mafuta yaliyoshika vumbi, hapo ndipo gesi inapotokea.

Halafu fungua kisanduku cha mbele ya abiria na uchomoe filta ya hewa ya ndani. Nimeshachomoa filta zilizokuwa kama kipande cha zulia, nyeusi, zimejaa majani na manyoya ya panya, na mwenye gari hajui hata kama kuna filta pale. Gari la hivyo feni inaunguruma kwa nguvu na hewa inatoka kidogo. Mashine haitakupa kodi yoyote kwa hilo.

Kusoma kodi

Chomeka mashine chini ya usukani, washa funguo hadi ON. Ukiishia ACC kompyuta nyingine zitakuwa bado zimelala. Chagua gari kwa namba ya fremu, si kwa kubahatisha mwaka. Soma kompyuta zote, kisha ziandike kodi zote au zipige picha kabla hujafuta hata moja. Kufuta kodi kabla ya kuziandika ni sawa na daktari kuchana faili la mgonjwa aliye mbele yake.

Upande wa injini, hizi ndizo zinazogusa AC na hita. P0532 na P0533 ni sensa ya presha ya gesi, ishara ikiwa chini mno au juu mno. P0645 ni mzunguko wa umeme wa rilei ya kompresa, swichi inayoipelekea umeme. P0480 ni feni ya kupoza. P0128 ni maji ya injini kutofika joto linalotakiwa, na nitairudia kwenye hita. Ukiona U0164, kompyuta nyingine zinalalamika kuwa haziisikii kompyuta ya AC. Hapo anza na fyuzi, waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi na soketi, wala usiguse gesi.

Upande wa AC ya Toyota, B1411 ni sensa ya joto la ndani, B1412 ya nje, B1413 ya ivapureta (kipozeo kilicho ndani ya dashibodi), B1421 ya jua, B1422 ni kompresa kukwama au mkanda kuteleza, B1423 ni presha, na B1441 na jirani zake ni mota za vile vipande vinavyochanganya na kuelekeza hewa.

Kodi ikisema sensa ya ivapureta, haimaanishi sensa imekufa. Inamaanisha umeme unaopita kwenye njia hiyo umetoka nje ya kipimo: sensa, waya, soketi, au kompyuta yenyewe. Mara nyingi ni soketi yenye kutu ya kijani.

Kuhusu B1421, nina neno. Gari likipimwa ndani ya gereji yenye giza au usiku, kodi hiyo hutokea hata kama sensa ni nzima, kwa sababu sensa ya jua haioni jua. Jioni moja kijana wetu alikuwa ameshampigia mteja simu kumtajia bei ya sensa. Tulisukuma gari nje asubuhi, kodi haikurudi. Huna jua? Weka balbu ya wati 60 kama sentimita 30 juu ya dashibodi, kisha soma tena.

Kama huna mashine, Toyota nyingi zenye paneli ya vitufe zinajipima zenyewe. Funguo ikiwa OFF, shikilia kitufe cha AUTO pamoja na kile cha kuzungusha hewa ya ndani, kisha washa hadi ON huku umevishikilia. Taa zote za paneli zitawaka na kuzima mara 4, halafu skrini inaonyesha namba: 00 ni salama, 11 ndani, 12 nje, 13 ivapureta, 21 jua, 22 kompresa, 23 presha. Ni zilezile kodi za B14 zikiwa zimekatwa "B14" ya mbele. Kutoka, bonyeza OFF.

Asubuhi, gari likiwa baridi

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na hakigharimu chochote zaidi ya kuamka mapema. Gari likiwa limelala kivulini usiku kucha, washa funguo hadi ON bila kuwasha injini, fungua ukurasa wa namba zinazobadilika, na weka pamoja joto la maji ya injini, joto la nje, joto la ndani na joto la ivapureta. Zote zimelala kwenye hewa moja, kwa hiyo zote zinatakiwa kukubaliana, tofauti isizidi nyuzi 3 hivi. Inayosema tofauti na wenzake ndiyo mgonjwa wako.

Kwenye Toyota nyingi zipo namba za kukumbuka. Sensa ya nje ikikatika inasoma −23.3, ya ivapureta −29.7, ya ndani −6.5. Hizo si joto, ni sakafu ya kipimo: njia ya umeme imekatika. Waya zake mbili zikigusana zenyewe kwa zenyewe, inaruka kwenye dari badala yake, ya nje karibu 66 na ya ivapureta karibu 60. Sensa ya ivapureta ikikatika, kompyuta inadhani ivapureta imeganda, inazuia kompresa, na mwenye gari anaambiwa gesi imeisha.

Ukipata namba ya sakafu, chomoa soketi ya sensa na uunganishe pini zake mbili upande wa waya kwa kipande cha waya. Kama namba kwenye mashine inaruka hadi dari, waya na kompyuta ni wazima, badilisha sensa. Kama haijatikisika, tatizo liko kwenye waya au kompyuta. Sensa yenyewe ipime kwa multimita: za ndani na nje kwenye Toyota nyingi zinasoma karibu kilo-omu 1.7 kwenye nyuzi 25, na zikipashwa kwa kiganja lazima omu zishuke.

Kwenye ukurasa ukiona mistari miwili ya joto la nje, mmoja ukiwa wa sensa na mwingine ukiwa umerekebishwa na kompyuta, fuata wa sensa. Ule mwingine kompyuta huuchelewesha makusudi usidanganywe na joto la injini kwenye foleni.

Sasa presha, injini ikiwa bado imezimwa. R134a iliyotulia ina presha inayolingana na joto lake: kwenye nyuzi 25 karibu psi 82 (psi ni kipimo cha presha kwenye geji), kwenye 30 karibu 97, kwenye 35 karibu 114. Ukikuta psi 40 asubuhi ya nyuzi 28, gesi imevuja kweli, tafuta tundu kabla ya kujaza. Ukikuta 90, gesi ya kimiminika ipo ndani, ingawa hilo halikuambii ni nyingi kiasi gani. Gramu 150 na gramu 500 zinaonyesha presha ileile gari likiwa limelala. Mafundi wengi hujikwaa hapa: wanaona geji imesimama vizuri, wanasema gesi imejaa.

Linganisha na geji. Geji ikisema 95 na mashine ikisema 0 au namba ya ajabu, shida ni sensa ya presha au waya wake. Angalia vilevile kipimo cha mashine: nyingine zinaonyesha MPa badala ya psi, na baadhi zinajumlisha presha ya hewa ya dunia, hivyo zinazidi geji kwa karibu MPa 0.1.

Ombi, ruhusa, utekelezaji

Washa injini, feni ya ndani iwe juu, bonyeza AC. Sasa fuata mazungumzo kwa mpangilio huu, usiruke.

Ombi. Kwenye mashine, swichi ya AC imegeuka kuwa ON? Kama haikugeuka, kitufe, paneli, au feni ya ndani ndiyo shida. Kwenye magari mengi feni ya ndani isipozunguka, ombi haliondoki kabisa.

Ruhusa. Ombi limefika kompyuta ya injini, je, imekubali? Tafuta mstari wa amri ya kompresa. Ikibaki OFF, kompyuta ina sababu, na sababu iko kwenye ukurasa huohuo: maji ya injini yamepanda mno, pedali imekanyagwa hadi mwisho, ivapureta inasoma karibu na kuganda, joto la nje linasoma chini mno, au presha iko nje ya mipaka. Toyota nyingi zinakata kompresa presha ikishuka chini ya MPa 0.2 hivi, kama psi 28, au ikipanda zaidi ya MPa 3.14, kama psi 455. Sensa ya joto la maji inayodanganya inaweza kuzima AC ya gari ambalo mabomba yake yote ni mazima. Nimeona fundi akibadilisha kompresa kwa kosa hilo, na nikaona uso wa mwenye gari alipoambiwa.

Utekelezaji. Amri ni ON, lakini husikii klachi, ile sumaku inayoiunganisha puli na kompresa, ikigonga "ta". Hapa kompyuta imemaliza kazi yake, mashine iweke pembeni, shika multimita. Kwenye boksi la fyuzi tafuta rilei iliyoandikwa MG CLT au A/C. Ibadilishe na nyingine ya aina ileile. Haijasaidia? Pima umeme kwenye soketi ya kompresa. Kama hakuna volti 12, rudi nyuma kwenye waya. Kama ipo na klachi haishiki, zima injini na pima koili: iwe omu 3 hadi 5.

Kuna ugonjwa mmoja unaotesa watu kwenye foleni. Asubuhi AC inapooza vizuri, baada ya dakika 40 za Barabara ya Morogoro inakata, ukipumzisha gari inarudi. Niliendesha Premio moja ya hivyo nikiwa na mashine mapajani mwa msaidizi wangu. Ilipokata, amri ilikuwa bado ON, presha iko sawa. Tulipaki, tukapima soketi: volti 13.9. Umeme unafika, klachi haivuti. Injini ilipozimwa nikachomeka kipimo cha nafasi kati ya sahani na puli, kikapita cha milimita 0.9. Toyota nyingi zinataka 0.35 hadi 0.65. Sahani imelika, nafasi imepanuka, na koili ikipata moto nguvu yake ya sumaku inapungua, haifikii tena. Tulitoa shimu moja, kile kipete chembamba cha kupanga nafasi, tukapima tena, 0.5. Hakuna hata gramu ya gesi iliyoguswa.

Kompresa za kisasa zisizo na klachi hazigongi, puli inazunguka muda wote na valvu ya umeme ndani ndiyo inayoamua. Hapo tazama asilimia au ampea za solenoidi. Kama zinapanda na presha haipandi, valvu hiyo au kompresa imekwisha.

Taa ya AC ikipepesa kwenye Toyota, hasa na B1422, kompyuta imeona kompresa haizunguki sawasawa na injini, kwa hiyo imeikata kuokoa mkanda. Usiilazimishe kwa kuunganisha waya moja kwa moja. Mkanda ukikatika, kwenye gari ambalo mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji, utakuwa na injini iliyochemka.

Kusoma presha gari likifanya kazi

Injini iwe mzunguko 1500, milango wazi, hewa ya ndani izunguke, feni juu, joto la chini kabisa. Ngoja dakika 5. Kwenye hewa ya nyuzi 30 hadi 35, Toyota nyingi za R134a zinataka upande wa presha ya chini psi 22 hadi 36 na upande wa presha ya juu 199 hadi 228. Mashine itakuonyesha upande wa juu tu, wa chini usome kwenye geji.

Pande zote mbili zikiwa chini, gesi ni pungufu. Wa chini ukiwa juu na wa juu ukiwa chini, zimekaribiana, kompresa haisukumi. Wa chini ukizama hadi chini ya sifuri, kuna kuziba au maji yameganda kwenye valvu ya kupanulia gesi.

Upande wa juu ukipanda kupita kiasi, usikimbilie kutoa gesi. Gari linalopooza barabarani na kutoa joto kwenye foleni huwa na feni dhaifu au kondensa chafu, na mashine inalionyesha wazi: tazama presha ikipanda taratibu gari likiwa limesimama, 230, 270, 310, kisha mwagia kondensa maji kwa bomba. Ikianguka ghafla, kondensa ilikuwa inakosa hewa. Safisha, pima feni kwa kuiamrisha kutoka kwenye mashine, na sikiliza kama inazunguka kwa kasi zote. Ikiwa kondensa ni safi, feni ni kali na presha bado iko juu, basi gesi imezidi au imechanganywa na hewa. Hapo toa yote, nyonya hewa, jaza kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Kujaza kwa kuangalia geji ndiko kulikoizidishia gesi ile Noah.

Namba moja zaidi ya kutazama: ivapureta. Ikishuka hadi nyuzi 3 au 4 na kwenye tundu la dashibodi kipimajoto kinasoma 20, upande wa gesi umefanya kazi yake yote. Ubaridi unapotea njiani, kwenye kipande kinachochanganya hewa ya moto na baridi.

Kipande cha kuchanganya hewa, na hita

Kwenye mashine tafuta nafasi ya mota ya kuchanganya hewa: inayotakiwa na iliyopo. Amrisha baridi kabisa, kisha moto kabisa, huku kipimajoto kikiwa kwenye tundu. Namba mbili zisipofuatana, mota au waya. Zikifuatana na hewa haibadiliki, usidanganyike: kipimo kiko ndani ya mota, hakiko kwenye kipande chenyewe. Gia ya plastiki ikivunjika, mota inazunguka peke yake na kuripoti kwamba kazi imekwisha. Lala chini ya dashibodi na tochi, utaona mkono umesimama. Na kama betri ilikuwa imechomolewa, tafuta kwanza kwenye menyu sehemu ya kuzifundisha mota upya.

Watu wa pwani wanaweza kuruka hita. Ndugu zetu wa Njombe, Makete na Limuru hawawezi. Juni na Julai asubuhi kioo kinafunga ukungu na dereva anakifuta kwa kiganja huku lori linakuja mbele, na hilo ni la hatari kuliko joto lolote la Dar.

Kiadapta cha bei ndogo kinatosha hapa. Soma joto la maji ya injini ukiwa barabarani. Thamostati ya Toyota nyingi hufunguka karibu nyuzi 82, kwa hiyo gari lililopata moto likae 82 hadi 95. Ukiona 52, 58, 55 na P0128 pembeni, thamostati imekwama wazi, au, kama nilivyokuta mara nyingi, haipo. Fundi mmoja wa ukanda wa joto aliitoa "gari lisichemke", kisha gari likapelekwa nyanda za juu. Bila thamostati hita haipati moto, na kompyuta inadhani injini bado ni baridi, inaongeza petroli safari nzima. Rudisha thamostati yenye joto sahihi. Gari lililokuwa linachemka lina ugonjwa mwingine unaotakiwa kutibiwa wenyewe.

Maji yakiwa nyuzi 88 na hita ni baridi, shika kwa tahadhari mipira miwili inayoingia kwenye ukuta wa injini. Yote ya moto: rudi kwenye kipande cha kuchanganya hewa. Mmoja moto, mwingine baridi: hita imeziba, ina hewa, au valvu yake imefungwa. Kiwango cha maji kiangalie injini ikiwa imepoa. Kifuniko cha rejeta ya moto kimewachoma wengi.

Kwenye ukungu washa AC na hita kwa pamoja. Ivapureta inakausha hewa, hita inaipasha, kioo kinafunguka haraka. Ndiyo maana AC ni muhimu hata Makambako.

Haibridi: simama

Prius na Aqua zina kompresa inayozungushwa na umeme wa betri kubwa, karibu volti 200 kwenye Prius ya kizazi cha pili na 144 kwenye Aqua. Kusoma mashine ni salama: utaona mzunguko unaotakiwa na uliopo wa kompresa, utajua nani hajamtii nani. Lakini waya za rangi ya chungwa usiziguse kama hukufundishwa kuukata umeme huo na kuuhakikisha umekatika. Mafuta ya kompresa hiyo ni ND-11, ya aina isiyopitisha umeme. Mafuta ya kawaida ya kompresa yakiingia, hata yale yaliyobaki kwenye mipira ya geji zako, yanaweza kuharibu kinga ya umeme ndani ya kompresa. Kama unafanya haibridi, tenga seti nyingine ya geji.

Baada ya matengenezo

Futa kodi, zima, washa, endesha dakika 20 ikiwemo kusimama na injini inaunguruma, kisha soma tena kompyuta zote. Kodi iliyorudi siku hiyohiyo haijatengenezwa.

Halafu andika. Chini ya boneti ya ile Noah kuna karatasi niliyoibandika kwa selotepu: joto la nje 32, ivapureta 4, tundu la kati 9, presha ya juu psi 215, gesi iliyowekwa kwa mizani, na tarehe. Siku AC yake ikisumbua tena, fundi atakayeifungua, mimi au mwingine, ataanzia kwenye namba hizo.